Siku Nilipochambua Paa la Adhiambo

Hili ningependa nife nalo, lakini kwa kuwa Owino ameshaanza kulisimulia vibaya kule mtaani, heri mlisikie kwangu, mimi mwenyewe niliyeaibika.

Adhiambo ni mjane anayeuza nguo za watoto Soko la Toi na anakaa Kawangware. Nilikuwa namtaka, naye alikuwa bado ananipima, maana mimi ni mtu wa kuhamahama (nimekaa Nakuru, Eldoret, Malaba, na kila mara nikikumbuka harufu ya omena, wale dagaa wa mtaani kwetu Kisumu Ndogo, narudi), na alishaniambia wazi kwamba akiolewa tena ataolewa na mtu anayekaa. Jumamosi asubuhi akaniandikia kwa simu: "Paa inavuja. Inavuja kwa kitanda. Utaniacha ninyeshewe hadi lini? Kuja leo, na usikuje mikono mitupu."

Mtu mwingine angesoma akaelewa. Mimi fasihi niliifaulu kidato cha nne, basi nikaketi kwenye kibanda cha chai na rafiki yangu Owino nikachambua: ona takriri, "inavuja" mara mbili, ona swali la balagha, ona muundo, ameanza juu kwenye paa, akashuka kitandani, akaingia yeye mwenyewe, mwisho kabisa akaniita mimi! Na paa ni nini kama si kichwa cha nyumba, yaani mume?

"Omera, ndugu yangu," Owino akasema, "si anasema tu paa inavuja?"

"Wewe fasihi ilikupita mbali."

Nikashinda Toi nikitafuta suti inayonitosha, nikanunua keki yenye waridi la sukari, nikafika Kawangware alasiri, mvua ikinyesha. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni kwake (nikajua ameita mashahidi). Mzee mwenye ploti, yaani mwenye vyumba vile vya kupanga, akanitazama tai.

"Wewe ndio fundi?"

Hata mzee anasema kwa mafumbo! "Ndimi fundi wa nyumba hii, mzee."

"Sawa. Ngazi iko nyuma."

Sikuijali ngazi. Niliingia, nikapiga goti kwenye maji, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Adhiambo, hutavuja tena. Kuanzia leo mimi ndimi paa lako!"

Adhiambo alikuwa ameshika beseni. "Kwani ni mimi navuja?"

Ploti nzima ikaangua kicheko.

"Si ulijigamba umeezeka mabati Nakuru nzima?" Adhiambo akaniuliza. "Nyundo iko wapi? Misumari?"

Nikainua keki.

Kwa aibu nikakimbilia ile ngazi, nikapanda na suti yangu bila hata msumari mmoja, na hatua ya pili mguu ukapenya bati lililooza, nikabaki nimekwama huku kiatu kinaning'inia juu ya kitanda chake, watu chini wakipiga picha. Waliponinasua, tundu lilikuwa la kupitisha mbuzi. Nguo zake za kuuza, robota zima, zilikuwa zimelowa na rangi zimechujiana.

Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa anakamua kigauni kimoja baada ya kingine.

"Asubuhi ningeita fundi yeyote," akasema bila kunitazama. "Nilikungoja wewe."

Hapo sikuwa na cha kuchambua.

Siku hizi mtu akiniandikia kwamba unga umeisha, nanunua unga, napeleka. Ila Adhiambo hajaniandikia tena.