Dakika Arobaini na Bidoni ya Mashanza

Saa tatu na dakika kumi asubuhi nilikaza kifuniko cha bidoni, dumu la plastiki la maziwa, kwa nguvu zote, na aibu yangu ilianzia hapo, aibu ambayo hata leo nikiwa peke yangu shambani Burungu ikinijia nainamisha kichwa kana kwamba maharage yananitazama.

Nilikuwa msemaji wa ukoo kwenye mahari ya Baraka, mtoto wa marehemu kaka yangu, aliyeposa binti wa Walikale. Barabara ilikuwa imekatika, basi ilibidi turuke kutoka Goma, mimi na Mama Furaha, shangazi wa binti, ambaye (kila mtu alinionya) neno lake ndilo lingekubali au kukataa posa yetu. Sikuwahi kupanda ndege, lakini mimi ni mtu wa kujisomea, kwa hiyo nilipima ramani kwa uzi, nikaulizia mwendo wa ndege, nikagawanya, nikapata dakika arobaini. Mke wangu, aliyenisindikiza hadi Goma, alisema mashanza, yaani maziwa ya kuchacha tuliyoagizwa na wakwe, hayafungwi kabisa, yanataka kupumua. Nikamjibu kwamba dakika arobaini hazitoshi hata kuchemsha maharage.

Kiwanjani tulingoja mawingu yafunguke hadi saa saba, bidoni ikiwa juani kati ya miguu yangu. Muda huo sikuuhesabu, kwa kuwa ndege haikuwa imeruka (kana kwamba maziwa yanafuata saa ya rubani). Tulipopaa nikaanza kumfundisha Mama Furaha: zimebaki ishirini, zimebaki kumi na tano, na hesabu ilikuwa sahihi kabisa, nikazidi kutanuka kitini.

"Papa," akasema, "iyo bidoni inavimba."

"Usiogope Mama, inabakia dakika sita tu."

"Minakwambia inavimba. Angalia tumbo yake."

Nilitazama saa. Walikale hakuna kiwanja, ndege hutua barabarani, na siku hiyo lori lilikuwa limezimika katikati, basi rubani akazunguka, akazunguka tena, na mimi, nikiwa sasa nimeishiwa dakika, nikainama kukilegeza kifuniko kidogo tu. Kiliniponyoka, kikagonga paa la ndege, na mashanza yakakifuata, yakashuka juu ya kilemba cha Mama Furaha na suti yangu nyeusi. Mwanamume mmoja nyuma akasema polepole:

"Papa, kama ni kugawa, ungetafuta vikombe."

Tuliposhuka, waendesha pikipiki walitutazama. "Kumbe mu mawingu kuko ng'ombe," mmoja akasema.

Kwa wakwe, Mama Furaha alisimama kabla sijafungua kinywa. "Tuliomba maziwa ya kunywa. Uyu Papa amenioshea nayo kichwa. Minamuonyesha bidoni, yeye ananihesabia dakika. Hatuongei na musemaji anayenuka. Walipe amande ya mbuzi kwanza, ao warudi kwao."

Watu walicheka. Baraka hakucheka, alikuwa anaangalia viatu vyake, na hicho ndicho kilichoniunguza. Nilipiga magoti mbele ya Mama Furaha nikaomba radhi, nzi wakinizunguka, kisha binamu yangu, aliyetangulia na Baraka, akachukua nafasi yangu na mimi nikakaa mlangoni, penye upepo. Posa ilikubaliwa jioni. Siku hizi mtu akiniuliza Walikale ni mwendo gani, namwambia akaulize wengine.

Mbuzi wa amande, kitenge cha Mama Furaha na maziwa mengine, vyote kutoka mfukoni mwangu: dola mia moja na arobaini.