Patasi Kumi na Moja

Patasi kumi na moja zilivunjika ndani ya wiki moja. Hazikupinda. Zilikatika kama glasi.

Wachonga mawe wakaja kuzimwaga mlangoni kwangu.

"Mzee, umetuuzia chuma au biskuti?"

Mtaa ukasema nimelogwa. Mimi nikalaumu chuma. Lakini kilikuwa kilekile cha springi za lori, na mafuta yaleyale.

Kilichobadilika ni kimoja tu. Mke wangu alikuwa ameondoka.

Niseme ukweli, nilimfukuza kwa mdomo. Miaka ishirini na mbili alikaa kwenye kigoda karibu na moto, anachambua maharage, domo halifungwi. "Bado... bado... haya, toa!"

Siku moja nikafoka. "Hebu nyamaza! Fundi hapa nani?"

Akafunga mzigo, akaenda kwa dada yake.

Niwaeleze. Chuma chekundu ukikizamisha kwenye mafuta kinakuwa kigumu kupindukia, ukikigonga kinakatika. Lazima ukipashe tena, taratibu. Rangi zinapita juu yake: manjano, kahawia, zambarau. Ukikitoa mapema, kinavunjika. Ukichelewa, kinalegea.

Mchonga mawe mkubwa, mteja aliyenilisha miaka yote, akanipa nafasi ya mwisho.

"Sita, Jumamosi. La sivyo nahamia kwingine."

Nikajifungia kazini. Kimya kile! Nilisikia hadi mkaa unavyopasuka.

Nikazijaribu kwenye jiwe. Zote sita, chali.

Nikameza kiburi, nikamfuata mke wangu. Alisimama mlangoni, hata karibu hakuniambia.

"Gauni langu lina rangi gani?"

Swali gani hilo? "Kahawia."

Dada yake akaangua kicheko, kisha akakikata. "Shemeji... hili ni kijani."

"Nilijua tangu mwaka wa kwanza kwamba rangi zinakupotea," mke wangu akasema. "Ningekwambia ungeona haya. Ndiyo maana nikawa napiga domo."

Nikamwomba turudi nyumbani.

"Unanitaka mimi, au unataka macho yangu?"

Jamani, jibu lilikuwa jepesi. Lakini mimi kichwani nilikuwa nawaza Jumamosi. Nikachelewa kidogo tu, na yeye akaona.

Akafunga mlango polepole, bila kelele.

Siku hizi natengeneza bawaba na ndoano, vitu visivyohitaji kusomwa rangi motoni. Kigoda sijakisogeza.

Wewe uliye na mtu wa kukusemesha ukiwa kazini, kabla hujamnyamazisha, jiulize anakusitiria nini.