Anayesimama Mlangoni

Mtaa mzima wa Gezinsila, pale Eshowe, ulijua kwamba Sikhumbuzo Zungu na Lwandile Cele, wanaume wawili, waliishi pamoja kama watu waliooana. Hakuna aliyenong'onezwa, maana wenyewe hawakuficha. Sikhumbuzo alikuwa fundi wa mageti. Karibu kila mwenye nyumba mtaani alifunga geti lililotoka mikononi mwake, na wenye mageti hao hao walimtania kutwa.

"Bi harusi! Leo umempikia nini mzee?" MaDube, jirani yake, alizoea kumwuliza kutoka upande wa pili wa ua.

"Nimempikia kile ambacho mumeo huja kukinusia hapa dirishani."

MaDube alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Ungewaona hivyo ungesema mambo yamekwisha, watu wamekubaliana. Lakini ungoje sherehe. Ng'ombe akichinjwa, wanaume hula nyama yao kando ya zizi, wanawake hula yao upande wa jikoni, na sinia la Sikhumbuzo na Lwandile liliwekwa katikati ya uwanja, juu ya kigoda, peke yake. Hakuna aliyewanyima. Tena walichaguliwa minofu mizuri. Ila miaka nenda miaka rudi walikula pale katikati kama watu waliokuja kusoma mita ya umeme.

Lwandile hakujali. Alikuwa dereva wa lori la miwa, mtu mrefu, mpole, mzito wa hasira. "Kula, Manzini," alimwambia mwenzake, akimwita kwa jina la sifa la ukoo wa Zungu. "Waache nao wapate cha kutazama."

Kisha lori likapinduka kwenye kona ya mtoni, na Lwandile akafia pale pale.

Kina Cele walishuka kutoka milimani kwao wakachukua maiti, na tangu saa ile Sikhumbuzo akawa "rafiki wa marehemu". Sheria ya nchi inawaruhusu wawili kama wao kuoana, tena tangu zamani, lakini sheria haiji kukaa msibani. Msibani anakaa Bhekuyise. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa Lwandile, na ndiye aliyemfukuza kwao, akamwambia asirudi mpaka awe mwanamume. Sasa alikuwa amesimama uani kwa Sikhumbuzo akiomba suti ya kumzikia.

"Zungu, mimi sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini hakuna ng'ombe wa mahari aliyetoka kwenu kuja kwetu, wala kwetu kuja kwenu. Sasa wewe nikuweke wapi? Utakaa nyuma, na marafiki."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma."

Kabla ya mazishi, Bhekuyise alikwenda kwenye ile kona na tawi la mti wa miiba, kama anavyofanyiwa kila mtu anayefia mbali na kwao. Unalishika tawi pale alipoanguka, unamwita kwa jina, unamwambia twende nyumbani. Kuanzia hapo huzungumzi na mtu mwingine yeyote ila yeye, njia nzima, mpaka ulilaze tawi ndani ya msonge, upande wa nyuma, mahali pa wazee waliotangulia. Hapo ndipo marehemu hukaa. Asiyechukuliwa hubaki amesimama. Bhekuyise alitimiza kila kitu, hakuruka neno. Kosa lake lilikuwa moja tu: Lwandile hakuwepo kwenye kona. Alikuwa amekwisha kwenda nyumbani.

Sikhumbuzo alilijua hilo siku chache baada ya mazishi, alasiri, wakati madereva wa miwa wanapomaliza zamu. Alikuwa uani akichomelea. Komeo la geti likainuka, likashuka. Mbwa wao akanyanyuka akitikisa mkia, akatembea polepole kutoka getini hadi mlangoni huku uso ameuinua, kama anavyotembea akiwa kando ya goti la mtu. Harufu ya miwa iliyochomwa ikampita Sikhumbuzo karibu sana, hata akavuta mguu kupisha. Mlangoni mbwa akasimama. Akakaa pale akitazama juu mpaka jua likazama.

Sikhumbuzo alilia kwa furaha, na asitokee wa kumlaumu. Alitenga vikombe viwili. "Lwa, ingia basi, chai inapoa," alisema. Lile zulia dogo la mlangoni likabonyea mahali pawili, sambamba, ukubwa wa buti, likabaki hivyo. Akavuta kiti. Kiti hakikuguswa.

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi alikuta zile alama zimelowa, kama za mtu aliyesimama kwenye umande. Baadaye alama zikahamia kizingiti cha chumba cha kulala, na Sikhumbuzo akawa anavaa shati akisikia pumzi nyuma yake, pumzi za mtu aliyebeba mzigo anayengoja kuambiwa autue wapi. Akigeuka, hapana mtu. Akimwambia "njoo ulale", pumzi zinasita kidogo, halafu zinaendelea pale pale. Furaha ikawa woga, na woga ukawa huruma inayokata maini. Mtu wake alikuwa amechoka, na yeye hakuwa na uwezo wa kumkalisha. Mtu hukalishwa na wa kwao.

Ndipo alipokuja MaMbatha, mama yake Lwandile. Alikuja peke yake, bila kumuaga Bhekuyise, amejitanda shali hadi mabegani. Aliingia ndani akasimama katikati ya sebule.

"Mwanangu Zungu, lile tawi halikauki. Liko kule nyuma kwa wazee, majani mabichi kama limekatwa leo. Nimekwenda kwa mganga, ananiambia tulibeba tawi tupu. Nimepita kwenye kona nikaita mpaka sauti ikanikauka. Mwanangu yuko wapi?"

Hapo Sikhumbuzo angeweza kunyamaza. Angenyamaza tu, na Lwandile angebaki wake, mlangoni, maisha yote. Wazo hilo lilimjia, na lilikuwa tamu. Akatazama zulia.

"Umempita hapo mlangoni, mama."

MaMbatha aligeuka taratibu. Aliziona zile alama mbili. Akapiga magoti, akaweka kiganja kando yake bila kuzigusa.

"Kumbe ni huku," alisema. "Tunakutafuta barabarani, kumbe kwako ni huku."

Alikuwa na tawi jipya ndani ya shali. Alilishika akamwita mwanawe kwa jina lake, kwa jina la baba yake, kwa majina ya sifa ya ukoo. Zulia halikutikisika. Aliita mpaka akachoka, kisha akamnyoshea Sikhumbuzo tawi.

"Haniitikii. Mwite wewe."

Sikhumbuzo alilipokea. "Lwa," alisema. "Umesimama vya kutosha. Twende kwa baba zako ukapumzike."

Zulia likainuka, upande mmoja kwanza, halafu wa pili. Tawi likawa zito ghafla, ikambidi alishike kwa mikono miwili.

Waliondoka na pikapu ya kazi, tawi likiwa kati yao. MaMbatha ndiye aliyepiga simu kwao, maana Sikhumbuzo hakuruhusiwa tena kusema na mwingine. Alisema na Lwandile tu, na mama mtu akasikiliza.

"Hapa ndipo kwenye yale maandazi yako. Hatusimami, usinitazame hivyo. Halafu, Lwa, nimepata ile spana uliyoniambia nimeipoteza mimi. Ilikuwa chini ya kiti chako. Chako, bwana! Nilitaka sana kukwambia."

MaMbatha alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya shali. Hakuwahi kuwasikia wakiongea. Miaka yote hiyo alikuwa akijiuliza watu wawili kama hao wanaambiana nini nyumbani, na kumbe ni habari za spana.

Kwenye kizuizi cha polisi, askari aliomba leseni. Sikhumbuzo aliitoa bila kumtazama.

"We fundi, salamu huna?"

"Amebeba mtu," alisema MaMbatha.

Askari aliona tawi. Alivua kofia, akarudi nyuma hatua kadhaa, akawapisha. Pikapu ilipanda mlima kwa shida, injini ikinguruma kama imepakia mawe, na kioo cha mbele, pale katikati penye tawi, kikaingia ukungu kwa ndani ingawa madirisha yalikuwa wazi.

Gari halifiki kwa kina Cele, kwa hiyo waliliacha chini wakapanda kwa miguu. Wanaume wa ukoo walikuwa wamejipanga getini. Zizini mbuzi walikuwa wamesimama kimya, wote wameelekeza vichwa njiani.

Bhekuyise alitoka mbele. "Mama, umefanya nini? Ukoo mzima uko hapa."

"Nimemleta ndugu yako."

"Na huyu?"

"Huyu ndiye aliyeitikiwa."

Bhekuyise aliwatazama wale wanaume nyuma yake, kisha akasema kwa sauti ya upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Zungu, asante. Umefika. Lete tawi niliingize mimi. Ndani ya msonge wa Cele haingii asiye wa Cele wala mkwe."

Sikhumbuzo hakuweza kumjibu. Alilisogeza tawi karibu na mdomo.

"Lwa, kaka yako anasema nikuachie hapa. Nenda naye. Usinifikirie mimi. Nenda ukakae."

Alisema kweli. Alitaka kwa moyo wake wote aende akakae, na moyo huo huo ulikuwa ukipasuka. Akaachia tawi.

"Ndosi!" wanaume waliitikia kwa jina la sifa la Cele. Bhekuyise alijiandaa kupokea uzito, lakini tawi likaruka juu mikononi mwake, jepesi, kijiti tu. Akalidaka, akalibana kifuani, akaingia nalo uani akiita kwa sauti kubwa. Wanaume wakamfuata. Uzito ulikuwa umebaki kwenye viganja vya Sikhumbuzo. Ukapanda mikononi, ukatulia begani, baridi.

Alisimama kidogo, akageuka kushuka. Mbuzi wote wakageuza vichwa kumfuata yeye. Kando yake nyasi zikawa zinalala, hatua kwa hatua, na njia ile haikuwa na upepo.

"Zungu, leo hata salamu?" mwanamke mmoja, jirani wa kina Cele aliyemwona mazishini, alimwita kutoka shambani. "Au kina Cele wamekukata ulimi?"

Hakujibu. Hakujua kama bado amebeba.

MaMbatha alimfikia karibu na gari, anahema, kiatu kimoja kimebaki juu. "Zungu! Nimewaona mbuzi. Yuko na wewe?"

Sikhumbuzo aligeukia upande wake wa kushoto, pasipokuwa na mtu.

"Lwa, mama yako anauliza kama uko hapa."

MaMbatha alinyosha mkono pale mahali patupu. Alipourudisha, kiganja chote kilikuwa kimelowa umande. Huko juu Bhekuyise alikuwa akimkaribisha ndugu yake msongeni kwa majina yote ya ukoo, hakosei hata moja, na wanaume wakiitikia.

Mama mtu hakugeuka kutazama. Alifumba kile kiganja.

"Mwambie avumilie kusimama mpaka Jumapili," alisema. "Nakuja kumkalisha mimi mwenyewe, huko huko kwenu."