Kaka Yake Desmond Atawapokea

Jamani, kwa hasira nilizonazo naweza kuchemsha birika kwa kuliangalia tu, na wa kumgombeza ni mimi mwenyewe.

Mwanangu Rukia na mumewe walikuwa wanakwenda honimuni Barbados, wamekodi gari. Nikafoka, Tottenham nzima ikasikia. "Gari la kukodi, na mimi nina watu kule? Futeni!" Wakafuta. Kazini nikamwambia mwenzangu Desmond, naye mtu wa visiwa vya huko, "Wanangu wanakwenda kwenu." Akasema kaka yake atawapokea.

Na mimi huyu Mzanzibari, mtu akiniambia Zanzibar na Mombasa ni pamoja, namnunia mwaka.

Jana Rukia kapiga simu, wamekalia masanduku.

"Baba, kaka yake Desmond yuko uwanja wa ndege tangu asubuhi."

"Sasa mnangoja nini?"

"Uwanja wa Jamaica, baba. Sisi tuko Barbados."