Matumizi Hayajulikani

Kadi ya stoo ya makumbusho imeandikwa: "Kizibo cha mti. Matumizi hayajulikani." Mara tatu nimeomba irekebishwe, iandikwe "ndonya", na mara tatu mkuu wangu kanijibu, "Leta chanzo, dada. Kitabu na ukurasa." Kizibo! Kizibo cha nini, cha chupa? Nimevua glovu, ingawa ni marufuku, nikakinusa. Bado kinanukia mafuta ya ufuta.

Bibi yangu kule Ziwani alivaa ndonya ya mpingo kama hii, kwenye tundu la mdomo wake wa juu. Kila asubuhi aliivua, akaiosha, akanipa niipake ufuta kwa kidole mpaka ing'ae. Jumamosi moja wenzangu wa shule walikuwa wanakuja kututembelea kutoka Magomeni, mjini. Niliona aibu. Nikaitumbukiza chooni.

"Mjukuu wangu, ndonya yangu umeiweka wapi?"

"Sijui, bibi."

Hakuniuliza tena. Aliwakaribisha wageni wangu huku kaziba mdomo kwa upindo wa kanga, maana kwake kukaa mbele za watu na tundu wazi ilikuwa kama kukaa uchi. Aliyekuwa akizichonga alishafariki. Bibi akaongea nyuma ya kanga mpaka tulipomzika.

Leo mkuu amesimama mezani kwangu, kadi mkononi. "Kwani wewe umejuaje kama ni ndonya?"

"Sijui," nimemjibu, na kidole changu kinanukia ufuta.