Jirani Ambaye Hakula Wali wa Harusi

"Katika Jabe hii, nyumba ya Hamoud haijawahi kunyoosha mkono kwa mutu, na haitanyoosha."

Hamoud aliyasema hayo mwezi wa sita, kwenye harusi ya binti yake Ghada, mikro mkononi, spika zimeelekezwa barabarani ili hata wapita njia wafaidike. Watu wakapiga makofi. Kwa wali ule na nyama ile, wangempigia makofi hata angekohoa.

Harusi ikaondoka na akiba yote. Duka la Hamoud, usije ukadhani, ni kibanda cha vifungo, zipu na nyuzi. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Ila mwenye duka na jina la Kiarabu hapa mjini huhesabiwa tajiri mpaka athibitishe vinginevyo, na Hamoud hakuwahi kuwasumbua watu kwa uthibitisho.

Mwezi wa nane ikaja barua ya shule. Mtoto wake wa mwisho, Nura, ana miaka minane; miguu na mgongo havimtii tangu azaliwe, lakini maneno anayo ya watu watatu. Shule ilikubali kumpokea kwa sharti moja: aje na kiti cha magurudumu chenye kushika mgongo. Mpaka siku hiyo kiti chake kilikuwa mgongo wa mama yake, Kaltum, nao ulishaanza kulalamika.

Karakana moja ya Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, inatengeneza viti hivyo kwa faranga laki tisa. Mwenye karatasi ya kutokuwa na uwezo analipa laki moja na nusu, wafadhili wanamalizia. Hamoud akaenda ofisi za serikali kule Kigobe kuitafuta karatasi. Dirisha la kwanza likamtuma la tatu. La tatu likataka kwanza karatasi ya daktari. Alipoileta ya daktari, wakamwambia hiyo ni ya ulemavu. Ya umaskini hutolewa na shefu wa katiye, mkuu wa mtaa, kule kule Jabe. Ni hatua mia moja kutoka dukani kwake. Alikuwa amekwenda Kigobe kwa teksi mara nne.

Shefu Népomuscène alimsikiliza mpaka mwisho.

"Bwana Hamoud, mi nilikuwa harusini. Nilikula sahani mbili."

"Ile ilikuwa harusi, shefu. Mutu harusini anasema tu."

"Ulisema na mikro. Sasa mi niandike nini, mikro ilidanganya?"

"Andika sina."

"Ntaandika, jirani akija kushuhudia. Lakini jirani ambaye hakula wali wako. Aliyekula atashuhudia nini? Nyama ingali kwenye meno."

Hamoud akarudi nyumbani hajui tena kama ni maskini au si maskini.

"Karatasi inasema nini?" Kaltum akamuuliza.

"Inasema tutafute mutu hakula."

Wakaitoa orodha ya waalikwa. Muuza nyama alikula. Kinyozi alikula. Fundi wa umeme, aliyekuja kufunga taa tu, alikula na kufungasha. Kaltum akapitisha kidole mpaka jina la mwisho, halafu akakiinua na kukielekeza ukutani.

Nyuma ya ukuta anakaa Léoncie, muuza makaa, ambaye mtaani huitwa Mama Orlane. Hakualikwa. Hamoud mwenyewe alisema mavumbi ya makaa na mazulia havipatani.

Alisimama mlangoni pa jirani huyo kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Karibu, Baba Ghada. Umepotea njia?"

"Mama Orlane, niko na shida kidogo."

"Ya kiti cha Nura. Najua."

"Nani amekuambia?"

"Ukuta. Ule ni tofali moja tu. Harusi niliisikia yote, na ile ya kunyoosha mkono. Kila asubuhi namusikia Kaltum akimubeba mutoto, anahesabu hatua mpaka chooni. Na siku mnapika bila mafuta najua. Sufuria inalia tofauti."

Hamoud akakosa pa kuweka macho. Alikuja kumweleza hali yake mtu aliyeijua kuliko yeye.

"Ungenialika," Léoncie akasema huku akinawa makaa mikononi, "leo singekufaa kitu."

Hakujua kama ametukanwa au amebarikiwa. Akamfuata tu mpaka kwa shefu.

"Mama Orlane," shefu akauliza, "wali ulikula?"

"Apana. Nilipata arufu."

Shefu akaandika, akapiga muhuri. Hamoud akasoma: *hana uwezo kabisa*. Akasoma tena. Wiki mbili ameitafuta karatasi hiyo, na sasa alitaka kuipinga.

"Shefu, hii 'kabisa' ungeitoa."

"Niitoe, wakulipishe laki tisa?"

"Iache."

Ijumaa, siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, wakampeleka Nura karakanani. Fundi akampima mgongo, akamfunga mikanda. Nura akataka kujua breki ziko wapi na nani alizijaribu. Karani akaisoma karatasi, akamtazama Hamoud kutoka kofia mpaka viatu, akaisoma tena, kisha akaandika risiti.

Kiti cha magurudumu, chenye kushika mgongo: faranga laki moja na nusu.