Sista Njooni Wawili, Mtumishi wa Chumba cha Sindano

Alizaliwa mwezi wa pili mwaka 1931, mtoto wa sita wa fundi viatu na mkunga. Aliingia utawani akiwa na miaka kumi na tisa, siku ileile niliyoingia mimi, na tangu hapo nikawa wa pili nyuma yake. Nilisoma kumzidi, niliimba kumzidi. Aliyependwa ni yeye. Mama Mkuu ameniagiza niandike maisha yake kwa kuwa nilimjua kuliko wote. Nitaandika kweli tupu, wivu wangu ukiwemo.

Wito wake ulikuwa chumba cha sindano katika zahanati yetu, nyuma ya pazia la kijani, akiwatibu wenye kaswende, kisonono na klamidia. Sisi wengine tulinong'ona majina hayo. Yeye aliyataja kama anayetaja mafua. Alifundisha kwamba mtu aweza kuwa nayo asione kidonda, usaha wala maumivu. Kwamba dawa humalizwa hata dalili zikitoweka. Kwamba wenzi hujizuia mpaka wote wapone. Kondomu nazo alizieleza, watawa tukikohoa. Mgonjwa hakuondoka bila kikaratasi cha mwenzi wake, kisichotaja ugonjwa: "Tafadhali fika zahanati." Ndipo wakambandika jina la Sista Njooni Wawili. Mimi nilikaa dirishani nikiandika kadi, na kila aliyefika aliuliza, "Sista yule yupo?" Iliniuma, sitaficha.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 1968. Mke wa fundi cherehani, aliyekwisha kuzika watoto wawili waliozaliwa wafu, alifika na mimba ya miezi mitano. Kipimo cha damu kikaonyesha kaswende. Alianza kuchomwa penisilini siku hiyohiyo, akapewa kikaratasi. Kesho yake mumewe akaja dirishani nacho. "Namtaka Sista yule," akasema, hata salamu hakunipa. Nikamjibu, "Kamuulize mkeo kaswende kaitoa wapi." Ni mimi niliyesema. Jioni ile yule mama alitupiwa nguo zake nje, akahamia kwa dada yake.

Sista alikwenda kibandani kwa fundi, akakaa kwenye benchi la wateja siku tatu. "Nitajie huyo bwana wake!" fundi alifoka.

"Baba, kipimo kinasema ugonjwa upo. Hakisemi ulianza kwa nani. Hukaa mwilini miaka na miaka kimya. Mkeo keshaanza dawa. Ukiwa nao ukamrudia bila dawa, utamwambukiza upya, na huyu mtoto naye mtamzika. Nipe mkono nikupime."

Siku ya tatu alitoa mkono. Damu yake nayo ilikuwa na kaswende. Naye alichomwa sindano wiki tatu mfululizo kama mkewe, kisha akaenda mwenyewe kumwomba mkewe radhi. Mtoto alizaliwa mzima, akilia kwa nguvu hadi nikamsikia dirishani. Watu wakasema ni muujiza. "Ni penisilini," Sista akasema, "na baba aliyekubali kuja."

Alifariki mwaka 1994. Siku yake ya mwisho nilipiga magoti nikiri nilichomwambia fundi. Akanikatiza: "Nilijua wiki ileile, dada. Chumba nakuachia wewe."

Enyi waamini, mwigeni: pimeni mapema, malizeni dawa, njooni wawili, na siri ya mgonjwa isiwatoke midomoni. Miaka ishirini na sita alijua, na kila asubuhi alikuwa wa kwanza kunisalimia. Hata kusamehe alinitangulia, na hilo bado namwonea wivu.